Bafu la darini limetufanya tununiane

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni kwenye chumba kitupu, futikamba mkononi na karatasi ya saba mapajani. Michoro sita ya kwanza nimeshaichana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na kabla mwaka huu haujaisha mama yangu mzazi atahamia kwetu. Magoti yake yamechoka na kuishi peke yake kumemshinda, ingawa mwenyewe hawezi kulitamka hilo. Tuna bafu moja tu, liko chini, na sisi wanne tayari tunasukumana mlangoni kila asubuhi. Mume wangu ndiye aliyetoa wazo kwamba chumba chake cha kazi, kilicho juu kabisa chini ya paa, tukigeuze bafu, na chumba cha pembeni yake kiwe cha mama. Alibeba meza na vitabu vyake akavishusha bila kunung'unika. Nalisema hili mapema ili usije ukamdhania vibaya.

Chumba kina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.4. Upande mmoja kuna ukuta mrefu ulionyooka. Upande unaoukabili kuna ukuta mfupi wa mita 1.1, na kuanzia hapo dari inapanda kufuata paa: kila ukisogea mita moja kutoka ukuta mfupi, unapata sentimita 70 zaidi juu ya kichwa. Dari ya zamani tumeshaibandua, mbao za paa ziko wazi. Bomba kuu la maji taka linapita kwenye kona ya mwisho, upande wa ukuta mfupi. Fundi bomba alikuja, akaangaza angaza, akasema choo lazima kikae kwenye kona hiyo hiyo, kikipa mgongo ukuta mfupi, maana boriti za sakafu zimelala kwa upana na yeye hakati boriti ya mtu ili apitishe bomba. Dakika kumi hazikuisha akawa ameshaondoka.

Pa kusimama wima ni ukanda wa kama mita 1.1 tu, kando ya ukuta mrefu, na kila mtu anautaka. Mume wangu ana urefu wa mita 1.88, anataka shawa kubwa. Mimi nina mita 1.62 na ninataka hodhi la kuogea. Tangu nijifungue mtoto wa pili mgongo wangu haujakaa sawa. Nilikaa kwa dada yangu wiki mbili, yeye ana hodhi, na zile dakika ishirini za maji ya moto kila jioni zilinirudishia usingizi. Tangu nirudi, usingizi umetoroka tena.

Nilipomwonyesha mume wangu mchoro wenye hodhi aliuliza swali moja: "Mama atavukaje ukingo huo na magoti yale?" Nikamjibu vibaya. Nilimwambia anamfanya mama yangu ngao, kwamba anachotafuta ni mahali pa kuoga bila kuinamisha kichwa. Akanyamaza. Leo ni siku ya tatu tunaongea habari za watoto tu.

Usiku ule niliukuta mchoro wake mezani. Kwenye ukuta mfupi alikuwa amechora mstatili kwa penseli, ndani yake akaandika "yeye?", halafu akafuta. Alama ya ufutio bado ilionekana.

Je, niachane na hodhi? Nikiliacha, najua nitalikumbuka kila nikipanda ngazi zile. Nikilishikilia, nitakuwa mtoto aliyeitanguliza raha yake mbele ya magoti ya mama yake. Mama mwenyewe hajui lolote kuhusu haya. Sitaki ajione mzigo.

Mwenye Michoro Saba

JIBU

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na karatasi na penseli yangu. Nimewaomba pia fundi bomba mmoja na mhandisi mmoja wa majengo waangalie hesabu zangu, kwa sababu nimeona mambo mawili yamefungana fundo moja. Kuna chumba chenye paa lililoinama, na kuna watu wawili wanaopendana ambao kila mmoja ameogopa kwamba mwenzake hamwoni. Ukijaribu kulifungua la pili wakati la kwanza limesimama juu ya vipimo visivyo kamili, mtagombana tena kesho kwa sababu ileile. Kwa hiyo niruhusu nianze na chumba.

Umepima vizuri, ila umepima chumba ambacho hamtakitumia. Mbao za paa ziko wazi sasa. Mkishaweka vizuizi vya joto na unyevu chini yake na kufunika kwa mbao za dari, mtapoteza, tuseme, sentimita 10. Sakafu nayo, kwa tabaka la kuzuia maji na vigae, itapanda kama sentimita 6. Jumla 16. Ukuta wako mfupi wa mita 1.1 utabaki na sentimita 94, na ule ukanda wa kusimama wima, ukihesabu kimo cha mita 2, utapungua kutoka mita 1.1 hadi sentimita 88. Nakuomba usikate tamaa kwa kusoma hivyo. Ni afadhali kulijua sasa kwenye karatasi kuliko kulijua siku fundi anaondoka na ngazi yake.

Sasa tukiweke choo pale alipopasema fundi, mgongo kwenye ukuta mfupi. Mtu akikaa, kichwa chake kinakuwa kama sentimita 40 kutoka ukutani, na dari hapo itakuwa na kimo cha mita 1.22. Mtu mzima wa kimo cha kawaida aliyekaa kwenye choo, kichwa kinafika karibu mita 1.27. Umeona? Mama angekaa akiwa ameinama shingo, kila siku. Choo kikisogezwa mbele sentimita 25, nyuma yake kukajengwa kijukwaa cha kuficha tangi la kuflashi, dari juu ya kichwa inafika karibu mita 1.4, na anapoinuka anaelekea upande wa juu, ambao ndio mwelekeo salama. Mumeo hataweza kusimama wima mbele yake. Atalazimika kukaa, na hilo mliongee naye kabla, asije akaligundua mwenyewe.

Fundi alisema kweli kuhusu boriti, na mshukuruni kwa kukataa kuzikata. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kwamba tundu kwenye boriti lisizidi robo ya kimo chake, tena litobolewe katikati ya kimo hicho, si juu wala chini. Boriti ya sentimita 20 inavumilia tundu la sentimita 5, na bomba la choo lina kipenyo cha sentimita 10 au 11. Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo dakika kumi hazikutosha kulitazama. Vipo vyoo ambavyo mdomo wake wa kutolea maji hauendi chini. Unatoka kwa nyuma, juu ya sakafu. Na nyuma ya kuta fupi za darini mara nyingi hubaki nafasi ya pembetatu isiyotumika, kati ya ukuta na mwisho wa paa. Kama kwenu ipo, bomba la choo linaweza kutoboa ukuta mfupi na kulala juu ya boriti humo ndani mpaka kwenye bomba kuu, likishuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita mbili ni sentimita 5 tu. Yaani choo chako hakijafungwa kwenye kona ile.

Kinachofungwa zaidi ni shawa. Maji yake yanatoka sakafuni kabisa, kwa hiyo bomba lake lazima lijifiche ndani ya sakafu, na boriti zikiwa zimelala kwa upana, njia rahisi ni kulilaza katikati ya boriti mbili, kutoka ukuta mrefu moja kwa moja hadi kona ya bomba kuu. Kwa maneno mengine, mwisho ule wa chumba ambao fundi aliupa choo huenda ukafaa zaidi kwa shawa, na choo kikarudi upande wa mlangoni. Mwite tena, mkae naye, mwonyeshe. Kitobolewe kitundu kidogo kwenye ukuta mfupi, mmulike kwa tochi mwone kuna nini nyuma yake. Msiamue lolote kabla ya hapo.

Sasa hodhi lako. Nataka kukuambia jambo ambalo michoro yote saba inaweza kuwa ilikuficha: hodhi haligombanii ukanda wa kusimama. Mtu hulala ndani yake. Hodhi la urefu wa mita 1.7 na upana wa sentimita 70, likilazwa kando ya ukuta mfupi, linakaa pale ambapo hakuna anayeweza kusimama hata hivyo. Ukilivuta kutoka ukutani sentimita 25 na kujenga rafu nyuma yake, wewe wa mita 1.62 utaingia na kutoka ukiwa umesimama karibu wima, kwa sababu mahali pa kuweka miguu yako patakuwa na kimo cha mita 1.78. Dirisha la paa juu yake linaongeza mwanga, na kichwa kinapata nafasi kidogo zaidi. Shawa ya sentimita 90 inaweza kukaa upande wa pili, kwenye ukuta mrefu, mumeo akasimama katikati yake chini ya dari yenye kimo cha mita 2.3. Vyote viwili kwa hesabu vinaenea.

Nimesema kwa hesabu. Kati ya hodhi na shawa itabaki njia ya sentimita 55. Mtu mmoja anapita. Watu wawili hawapishani, na siku mama atakapohitaji kushikwa mkono, anayemshika atasimama wapi? Hapo ndipo swali la mumeo lina uzito, hata kama wewe ulilisikia kama kisingizio. Kuna pia suala la uzito wenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hodhi lenye lita 170, pamoja na mtu na hodhi lenyewe la plastiki ngumu, linafika kilo 270 na ushei, zote zikiwa juu ya boriti ambazo huenda ziliwekwa kubeba dari ya chumba cha chini, meza na vitabu. La chuma cha kusubu linaweza kupita kilo 100 likiwa tupu. Mhandisi aje azione boriti hizo kabla hujalipenda hodhi lolote dukani. Akisema haziwezi, zipo njia za kuziimarisha, ingawa kazi hiyo inaweza kufungua dari ya chini na kuwaongezea wiki za vumbi.

Mkiamua kuliacha, msiige tu bafu la watu wenye dari iliyonyooka. Shawa inaweza kupanuliwa kuelekea upande wa chini, isiwe na kizingiti, na pale dari inaposhuka pakajengwa kiti cha kukalia. Mtu aliyekaa anahitaji mita 1.4 hivi, kwa hiyo sehemu mnayoiona imepotea ndiyo inayompa mama mahali pa kukaa akaoga taratibu, wala mumeo hapungukiwi na kitu. Ni mpango mzuri sana kwa magoti yake. Kwa mgongo wako si sawa na kulala ndani ya maji, na sitajaribu kukuambia kwamba ni sawa.

Katikati ya hayo mawili yapo mahodhi mafupi ya kukalia, ya mita 1.2 hivi. Yanaacha nafasi kubwa ya kupita, ila kingo zake huwa juu zaidi. Hilo lingekuwa lako peke yako, mama asingeligusa. Je, ungelifurahia likiwa hivyo? Sijui, na ni swali la kujiuliza ukiwa umetulia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kama tangi lenu la maji liko darini pia, pimeni limepanda kiasi gani juu ya kichwa cha shawa, maana kila mita moja ya kimo inatoa msukumo wa takriban bar 0.1 tu, na bila pampu mume wako ataogea matone. Mvuke hupanda na kukusanyika pale pa juu kabisa, kwa hiyo feni ya kutolea hewa iwekwe huko na bomba lake litoke nje ya paa. Lisiishie ndani ya paa, mbao zitaoza kimyakimya. Kioo na sinki wekeni kwenye ukuta mrefu, kwa sababu kioo hakikai kwenye dari iliyoinama. Mlango ufunguke kwa nje.

Sasa ngazi. Umeandika kwamba ukingo wa hodhi ni hatari kwa magoti ya mama, na kweli ni hatari. Lakini ili aufikie huo ukingo atakuwa amepanda hadi juu kabisa ya nyumba, na ili ashuke kuja kukaa nanyi atashuka ngazi hizohizo, mara ngapi kwa siku? Nimeisoma barua yako nikitafuta sehemu mlipojadili kama mama akae chini, karibu na bafu lililopo, na ninyi mhamie juu. Sikuiona. Huenda mlilijadili mkakuta haiwezekani, huenda vyumba vya chini havitoshi, na mimi sijaiona nyumba yenu. Huenda pia wazo la mumeo lilikuwa la ukarimu kiasi kwamba hamkupenda kulichunguza, kwa sababu aliyetoa chumba chake kwa moyo mweupe humwambii kwamba labda si chumba kinachofaa. Kama mama angekaa chini, bafu la darini lingekuwa la watu wengine kabisa na mabishano yenu yangebadilika sura. Lingeleta shida zake pia: nani atoe chumba, nani amsikie usiku akiita.

Na yeye mwenyewe hujamuuliza. Umesema hutaki ajione mzigo, naelewa, ni upendo. Lakini fikiria siku atakapofika akute bafu zima limejengwa kwa ajili ya magoti yake, wewe na mumeo mmekonda kwa kulizozania, naye hakuulizwa hata kama anapenda kuoga amesimama au amekaa. Wazee wengi huumia zaidi kwa kuamuliwa mambo kuliko kwa kuulizwa. Kumuuliza kuna hatari yake. Anaweza kusema "msijisumbue kwa ajili yangu", ukabaki palepale. Kwa hiyo usimuulize jumla jumla. Muulize anaposhuka ngazi ni goti lipi linaanza kuuma, na anaposimama kutoka kwenye kiti anashika wapi. Majibu ya hayo yana vipimo ndani yake.

Kuhusu mume wako. Ulimwambia anamfanya mama ngao. Inawezekana kuna chembe ya ukweli: mtu wa mita 1.88 aliyeishi na dari fupi ana haki ya kutamani mahali pa kunyoosha shingo, na pengine aliona aibu kulisema kwa jina lake, akalisema kwa jina la mama. Nikuulize nawe kwa upole: katika mazungumzo yenu, ulimwambia kuhusu usingizi, au ulimwonyesha mstatili kwenye karatasi? Kwa sababu mimi umeniambia kuhusu usingizi katika aya ya nne, na tangu hapo hodhi lako sikuliona tena kama anasa. Kama yeye ameona mstatili tu, basi amebishana na mstatili.

Halafu kuna lile neno la penseli. "Yeye?" Sitalitafsiri, kwa sababu linaweza kuwa wewe na linaweza kuwa mama. Ila mtu aliyekasirika tu haendi kuchora mstatili kwenye ukuta mfupi usiku, akaandika, akafuta. Ungeweza kumuuliza alikuwa anafikiria nini. Kuna uwezekano akaudhika kwamba umechungulia. Kuna uwezekano pia kwamba ndiyo kauli aliyoshindwa kuitoa, na anangoja uianze wewe.

Kama mtakubali kukutana mahali, mkutane ndani ya chumba chenyewe, si mezani kwenye karatasi. Chukueni chaki mchore sakafuni hodhi, shawa na choo kwa ukubwa wake halisi. Kata kadibodi, uzining'inize kwenye mbao za paa zishuke zile sentimita 10, na wekeni vipande vya mbao chini ya miguu kwa zile 6. Leteni kiti cha jikoni mkiweke pale pa choo, mkae mmoja mmoja, muinuke. Wewe lala sakafuni ndani ya mstari wa hodhi, uinuke kama unayetoka majini. Yeye asimame ndani ya mraba wa shawa ainue mikono kama anayeosha kichwa. Halafu mbadilishane: wewe usimame pake, yeye alale pako. Msiseme lipi litabaki siku hiyo. Tembeeni tu.

Na mama akija kuwatembelea kabla ya kuhamia, mwombe naye apande, kama magoti yatamruhusu, akae kwenye kile kiti. Utamwona mwenyewe anavyofika juu, ameshika wapi na amepumzika ngazi ya ngapi. Niandikie ukishamwona. Mchoro wa nane ningependa kuuona ukiwa na mwandiko wa watu watatu.

Mshauri wako